Mgeni Rasmi wa Sayari ya Mtopwezi

Si zamani, wala si za kale. Ni juzi tu, na harufu yake bado ipo puani. Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu nina watoto na bado nataka kuwalea. Wewe msomaji ukihisi unaijua, hiyo ni akili yako na shauri yako. Usinitie kwenye kesi.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Sayari Nyingine. Msicheke. Sayari hii ilikuwa imewashinda: barabara hazipitiki, mabomba yanatoa upepo, shule zimeezekwa kwa ahadi. Wakubwa wakakaa, wakaona ni heri kuhamishia nguvu kwenye sayari ambazo wakazi wake hawapigi kura wala hawaulizi maswali. Waziri alikuwa Mheshimiwa Dokta Anselmi Nyangufi. Udokta wake alitunukiwa na chuo kimoja cha ng'ambo kwa mchango wake mkubwa wa kukubali kutunukiwa, na tangu siku hiyo mtu aliyemwita "Bwana" alihamishwa kituo.

Wizara ilijengewa jumba lenye kuba, na ndani ya kuba ikawekwa darubini kubwa kuliko zote za jirani zetu. Samahani, za jirani zao. Bahati mbaya sheria ilitaka picha ya Mkuu wa Nchi itundikwe mahali pa juu kabisa katika kila ofisi ya serikali, na mahali pa juu kabisa katika ofisi ile palikuwa lile tundu la kuchungulia mbingu. Wakamtundika hapo hapo. Basi kila mtaalamu aliyeweka jicho kwenye darubini aliona pua ya Mkuu wa Nchi, akaandika kwenye taarifa kwamba mbingu ni shwari.

Mtu mmoja tu pale alikuwa akifanya kazi, na jina lake Dokta Eliwaza Mrutu. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa kupenda hewa. Alikuwa tayari kuacha chai ipoe akikueleza jinsi anga la Mirihi lilivyo jepesi, na la Zuhura lilivyo zito hata linaponda chombo cha chuma kama kopo la maziwa, na mawingu ya Zuhura yalivyo ya tindikali, mvua yake inakauka njiani kabla haijagusa ardhi. Alikuwa ameunda kipimo, kisanduku cha ukubwa wa redio, kinachovuta hewa na kukwambia ndani yake mna nini. Kipimo kile kilikubaliwa kupanda chombo cha mataifa kinachokwenda Zuhura. Ilikuwa sifa ya nchi nzima, kwa hiyo wizarani wakamnunia.

Siku moja, akienda msibani kwa shangazi yake, gari lilipata pancha Mtopwezi. Dereva alipokuwa anabadilisha gurudumu, Dokta Eliwaza akaona si vibaya akakijaribu kisanduku chake.

Mtopwezi ni mji wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Mwekezaji wake alisamehewa kodi, akasamehewa ardhi, halafu akasamehewa na bomba refu la moshi, kwa maelezo kwamba bomba refu lingeitisha ndege ya Mkuu wa Nchi ikipita. Akajenga bomba fupi. Moshi ukawa hauna haja ya kupanda, unatoka na kutembea barabarani na watu. Mabati yalitoboka kwa mvua. Mchicha ulikauka ukiwa bado mbegu. Kuku walikuwa na macho mekundu kama walevi, na watoto walikohoa hata wakiwa usingizini.

Kipimo kilisoma salfa, kikasoma tindikali, kikasoma mambo ambayo Dokta Eliwaza aliyategemea mbali sana na nyumbani. Akadhani kimeharibika. Akakipeleka upande wa pili wa kilima, kikasoma hewa ya kawaida kabisa. Akakirudisha mjini, kikasoma mawingu ya Zuhura. Msiba wa shangazi aliusahau pale pale, akageuza gari kurudi wizarani.

"Mheshimiwa," alisema akiwa bado anahema, "hewa ya Mtopwezi si ya binadamu. Ni kama ya mawingu ya Zuhura."

Waziri alisimama taratibu. Machozi yalimlenga.

"Unataka kuniambia tuna Zuhura?"

"Nakwambia watu wanakufa, Mheshimiwa."

"Ndani ya mipaka yetu?"

"Watoto wanakohoa damu. Kiwanda kizimwe leo."

"Wenzetu wanarusha maroketi miaka na miaka, yanaungua, yanapotea," Waziri alisema, sasa akizungumza na dirisha. "Kumbe sisi Zuhura tunayo, na gari linafika!"

*

Taifa lilitangaziwa kesho yake. Redio zote ziliunganishwa, na taarabu iliyokuwa ikipigwa ikakatwa katikati ya neno tamu.

"Ndugu wananchi," Waziri alinguruma, "leo nchi yetu imeingia katika orodha fupi ya mataifa yaliyofika kwenye ulimwengu mwingine. Na tofauti na wengine, sisi hatukwenda. Umekuja wenyewe! Kuanzia sasa, eneo lililokuwa likijulikana kama wilaya ya Mtopwezi ni sayari. Wanaobeza watabeza. Chui hafichi madoa, na sayansi haifichi matokeo."

Mimi sijui chui anahusika vipi. Nasimulia nilichosikia.

Dokta Eliwaza alivishwa nishani ya dhahabu. Kipimo chake kikachukuliwa kwa heshima zote, kikafungiwa makumbusho. Yeye mwenyewe akateuliwa kuwa balozi wa nchi katika sayari ya Mshtarii, akaambiwa asubiri usafiri nyumbani kwake. Askari wawili wenye bunduki walipelekwa mlangoni wamsaidie kusubiri. Anasubiri mpaka leo, na wanasema ni msaidiwa mzuri, hapigi kelele.

Mwenye akili alishaona hesabu ya jambo hili. Mji ukiwa na hewa mbaya, kuna mtu wa kulaumiwa. Sayari ikiwa na hewa mbaya, hayo ni maumbile. Nani amewahi kuishtaki Zuhura kwa kutoa salfa? Mwekezaji akapumua, tena akapumua vizuri, maana yeye aliishi upande wa pili wa kilima. Wizara ikaongeza kwamba imegundua uhai kwenye sayari ile. Viumbe wake wanakohoa kidogo, ilisema, lakini wanaishi, wanazaana na wanachelewa kazini kama sisi, kwa hiyo hewa yao ni salama kwao. Wanaokufa ni wale ambao hawajajitahidi kuzoea.

Kizuizi kikawekwa barabarani. Mtu wa Mtopwezi aliyetaka kutoka aliambiwa athibitishe kwanza kwamba mapafu yake yanaweza kuishi kwenye hewa ya nchi. Alipokohoa, alirudishwa. Watu walirudi, jamani! Walirudi na mabegi yao, na kuku wao, na wazee wao mgongoni. Acha niendelee.

*

Sasa sikilizeni habari ya Somoe Likanga.

Somoe alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda mkabala na geti la kiwanda, anashona sare za shule na magauni ya harusi. Mdomo wake ulikuwa hauna pazia, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mumewe alikuwa ameshamalizwa na kikohozi. Amebaki na binti mmoja, Zawena, mtoto wa darasa la pili, mwembamba kama uzi wa mama yake, anayependa kuimba na sasa hana pumzi ya kufika mwisho wa ubeti. Mji mzima ulimjua Zawena. Somoe duniani hakuwa na kingine, wala hakutaka kingine.

Jioni moja midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi. Somoe akambeba mbio hadi hospitali.

Msidhani hospitali ya Mtopwezi haikuwa na kitu. Ilikuwa na mtambo wa kuzalisha oksijeni! Mpya kabisa, msaada wa watu wema wa mbali, umefungwa, umejaribiwa, mipira imevutwa mpaka kwenye kila kitanda. Kulikuwa na kasoro moja tu. Mlangoni kwake ulikuwa umefungwa utepe mwekundu, na utepe ulikuwa haujakatwa.

Hapa lazima niwaeleze mila ya nchi ile, nyinyi mnaotoka kwenye nchi ambazo mambo haya hayapo. Kule kitu hakianzi kufanya kazi mpaka mgeni rasmi akifungue. Kuna daraja moja zuri ambalo watu waliogelea chini yake mpaka wakawa hodari, huku juu yake mbuzi tu ndio wanapita, maana mbuzi hawajui itifaki. Kuna kisima kilichozungushiwa utepe hadi utepe ukaoza, ukafungwa mwingine. Na mgeni rasmi wa mtambo wa Mtopwezi alikuwa Mheshimiwa Dokta Anselmi Nyangufi. Angekuja zamani, lakini sasa Mtopwezi ni sayari, na waziri haendi kwenye sayari na shati la kitenge. Mavazi ya anga yalikuwa yanashonwa ng'ambo.

"Mtambo upo, mama," alisema Daktari Limbumba, kijana mpole aliyekuwa daktari pekee wa pale. "Ila haujafunguliwa."

"Si uufungue?"

"Mimi? Kwa cheo gani? Halafu mkasi wenyewe upo wizarani, umelazwa kwenye mto wa mahameli."

"Mkasi ninao."

"Huo ni wa vitambaa, mama."

"Na ule ni nini, ngozi ya simba? Dokta, mtazame mtoto. Mtazame usoni, halafu urudie maneno yako."

Daktari alimtazama Zawena. Kisha akageukia ukuta na kuanza kusoma, kwa makini sana, bango la kunawa mikono. Mlinzi wa mlangoni alifumba macho kwa nguvu zake zote, ili baadaye aape bila dhambi kwamba hakuona kitu. Somoe akautia mkasi kwenye utepe. Kach!

Mtambo ukanguruma. Pumzi ikaanza kupita kwenye mipira, kitanda hadi kitanda. Wazee waliokuwa wamekaa wima siku nyingi kwa kuogopa kulala wakalala. Zawena alivuta, akavuta tena, rangi ikarudi midomoni kama mtu anayerudi safari. Akafungua macho.

"Mama, kuna chapati?"

Somoe alicheka na kulia pamoja, akatoka mbio kuitafuta chapati. Wodi nzima ilikuwa inacheka. Ninawaambia, siku zile chache Mtopwezi palikuwa na raha ambayo haikuwa na kibali cha mtu yeyote.

*

Habari zilipofika wizarani, Mheshimiwa alikuwa anajaribu hotuba mbele ya kioo. Alikaa kwenye kiti kama amefiwa.

"Wamefungua," alisema. "Wamefungua bila mimi."

Kikao cha dharura kiliitwa. Wanasheria walileta vitabu, washauri walileta washauri wao. Hoja ilikuwa nzito kuliko anga la Zuhura. Kitu kilichokwisha kufunguliwa hakiwezi kufunguliwa. Sasa Mheshimiwa atafungua nini? Mavazi ya anga yameshawasili, waandishi wa habari wameshaalikwa, ng'ombe wa karamu wameshanenepa. Walijadili mpaka Afisa Itifaki, Bwana Kasiani Mbonde, akainua kidole. Mtu huyu nitamlaani mpaka ulimi ukauke.

"Waheshimiwa, mbona ni jambo dogo? Ukitaka kukifungua kitu kilichofunguliwa, unakifunga kwanza."

Wakampigia makofi. Nchi ile watu wa akili hawakosekani.

Bwana Mbonde alifika Mtopwezi na gari la kawaida, kwa barabara ya kawaida, kitambaa puani. Nyuma yake mafundi na askari. Wakaingia chumba cha mtambo, wakazima. Ngurumo ikakatika, na wodi nzima ikasikia ilivyokatika.

"Kuna watoto kwenye mipira!" Daktari Limbumba alipiga kelele. "Unazima watoto, bwana!"

"Nakuelewa sana, Dokta," alisema Mbonde huku akifunga utepe, analirekebisha fundo likae katikati. "Ndiyo maana safari hii tumeleta utepe wa hariri. Ni muda mfupi tu. Mheshimiwa anaingia kesho asubuhi, na baada ya hapo mtapumua kihalali."

Somoe aliurukia utepe na mkasi wake. Askari wakamshika, wakamnyang'anya mkasi, wakaubeba kama ushahidi, kisha wakabaki kuulinda mlango. Juu ya mlango likatundikwa bango kubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Asubuhi ilifika, mgeni hakufika. Vazi la anga lilikuwa limekataa kufunga tumboni. Wakatafutwa mafundi wa kulitanua. Ikafika saa ya chakula, Mheshimiwa akasema hafungui kitu na njaa. Huku Mtopwezi wanafunzi walisimamishwa juani wafanye mazoezi ya wimbo wa kumpokea, na kila walipofika kwenye neno "maendeleo" kikohozi kiliwakata, Mbonde akawaamuru waanze upya. Somoe alikaa kitandani, mtoto mapajani, akimpepea na kipande cha boksi. Alimpepea kwa mkono wa kulia ukachoka, akahamia wa kushoto. Zawena alikuwa anamtazama tu. Hakuomba chapati.

Msafara ulipoingia getini kwa ving'ora, Zawena alikuwa ameshakata roho.

Hapa nilikusudia kutia kichekesho. Nimekitafuta, sikukipata. Walimuua mtoto wa watu ili wapige picha. Sina maneno ya kejeli ya kulifunika hilo, na anayetaka kunishtaki na anishtaki, nimechoka kujificha nyuma ya nchi isiyo na jina.

*

Haya. Sherehe.

Mheshimiwa alishuka kwenye gari ndani ya vazi jeupe linalometameta, kichwani ana kofia ya kioo, mgongoni ana mtungi wa oksijeni. Waliomfuata nao hivyo hivyo, kila mheshimiwa na mtungi wake, umejaa mpaka shingoni. Wakapita mbele ya madirisha ya wodi, wanatembea polepole na kunyanyua miguu juu, kama walivyoona watu wanavyotembea mwezini. Wagonjwa waliwatazama wakipita na hewa yao mgongoni.

Sheria mpya ilikuwa inakataza kiongozi kuzungumza na viumbe wa sayari nyingine bila mkalimani. Akaletwa Bwana Fumbuka, mzaliwa wa mji wa jirani, amevaa suti na miwani, na kifuani ana kitambulisho cha mkalimani wa lugha ya Mtopwezi. Lugha ya Mtopwezi ni hiihii ninayowasimulia.

Waziri alikata utepe. Makofi. Mtambo ukawashwa. Makofi. Akapanda jukwaani, akatoa hotuba ndefu kuhusu anga, kuhusu mababu, kuhusu yeye. Kisha akaomba kusikia neno moja la shukrani kutoka kwa kiumbe wa kawaida.

Mbonde alizungusha macho. Akamwona mwanamke amesimama mlangoni mwa wodi, amembeba mtoto aliyefunikwa khanga. Mtoto amelala, mama ana uso wa heshima, picha itapendeza. Akamvuta mpaka mbele, akamtia kipaza sauti mkononi.

Somoe hakupaza sauti. Lakini spika zilikuwa kubwa, na mji mzima ulisikia.

"Huyu ni mwanangu Zawena. Amekufa. Alikuwa anapumua, mkamzimia hewa ili mje kuiwasha."

Hakuna aliyekohoa. Waziri, ambaye amezaliwa na lugha ile, ameposa kwa lugha ile, na anaomba kura kwa lugha ile, alimgeukia Bwana Fumbuka.

"Amesemaje?"

Bwana Fumbuka alikigusa kitambulisho chake kifuani. Jasho lilimtoka chini ya miwani.

"Anasema... anasema karibuni sana, Mheshimiwa."

Makofi yakalipuka kwenye hema la wageni. Waziri akapunga mkono.

Somoe alimgeukia Daktari Limbumba, akamkabidhi mtoto taratibu, akaiweka sawa khanga kwenye miguu yake midogo. Halafu akapanda jukwaani. Walinzi walitazamana, kwa kuwa maelekezo yao yalieleza namna ya kumzuia mwananchi, na huyu hakuwa mwananchi. Mbonde alibaki anapekua karatasi za itifaki. Mwanamke akamfikia Waziri, akaishika ile kofia ya kioo kwa mikono miwili ya ufundi, akatafuta kifungo chake, akakipata. Akaifunua kama mtu anayefunua sufuria.

Hewa ya Mtopwezi ikamkaribisha Mheshimiwa. Alivuta mara moja, macho yakamtoka. Alivuta mara ya pili, akapiga magoti. Kikohozi kilimpanda kutoka tumboni, kikamwinamisha, kikamwinua, kamasi na machozi vikachanganyika kwenye lile vazi jeupe. Akanyoosha mkono kwa Somoe.

"Hewa!" alilia. "Nipeni hewa, jamani! Nakufa!"

Kipaza sauti cha jukwaani kilikuwa bado wazi, na spika ziliyabeba maneno yake mpaka kwenye kila kibaraza cha mji. Somoe alisimama juu yake, kofia ameikumbatia kifuani. Akamgeukia mkalimani.

"Amesemaje?"